Ubongo wa panya hai: tusahihishe mwanga au picha?

Hipokampasi ya panya, sehemu ya ubongo inayoshughulika na kumbukumbu, iko takriban milimita 1 chini ya uso wa ubongo. Hadubini ya kawaida haifiki huko, na hata ile ya leza ya fotoni (chembe za mwanga) mbili, iliyobuniwa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, mwaka 1990, hufika kwa taabu. Kwa hiyo watafiti huchomeka kijiti cha kioo kiitwacho lenzi ya GRIN, kinachopinda mwanga ndani yake, unene wake nusu milimita hadi 1, wakatazama seli za neva zikiwaka na kuzimika ndani ya mnyama aliye hai.

Lakini kijiti hicho hakioni kote sawasawa. Seli ya katikati huonekana duara safi. Ya ukingoni huvutika kama tone la mvua kwenye kioo cha gari, na mwanga wake humwagikia seli jirani. Hapo si suala la urembo tena: mianga ikichanganyika, kompyuta itasema seli hizo huwaka pamoja, na mtafiti ataandika kwamba zinawasiliana, kumbe ni kasoro ya lenzi.

Wapo wanaotegemea programu. Wana hoja: akili mnemba huondoa chenga za picha, leza ikapunguzwa nguvu, na tishu ikaepuka kuungua. Ila programu hukisia. Mwanga ambao lenzi haikuukusanya haurudi; pengo hujazwa na kile mashine ilichozoea kukiona.

Wengine husahihisha mwanga wenyewe. Optiki jirekebishi, iliyoanzia kwa wanaastronomia, huikunja leza kinyume cha kasoro kabla haijaingia. Ni mbinu nzuri, ila ghali, na sahihisho lililofaa hapa huenda lisifae pembeni kidogo. Mimi ninavutiwa zaidi na kazi iliyotoka Genoa, Italia, mwaka 2020: kilenzi cha plastiki kilichochapishwa kwa leza na kubandikwa nchani mwa kijiti, eneo linaloonekana vizuri likapanuka bila kijiti kunenepa. Na unene ndio gharama isiyosemwa sana, maana ili kijiti kikae, tishu iliyo juu ya hipokampasi mara nyingi hufyonzwa na kutupwa.

Kwangu mwanga hutangulia, programu hufuata, na picha ghafi hutunzwa. Nikisoma utafiti wa aina hii, naanza kutafuta picha ya majaribio ya kishanga kinachong'aa, chembe ndogo ya kupimia lenzi, kikiwa ukingoni. Cha katikati kila mtu hukionyesha.