Kutwanga Jumapili ni Kosa, Kutoolewa si Kosa

Jumapili iliyopita nilikuwa natwanga kitunguu saumu na viungo vya pilau. Saa saba mchana, jua linawaka, si usiku wa manane. Kinu chenyewe ni kidogo, cha mti, mama alinifungia kwenye kitenge nilipokuwa naondoka Moshi. Jioni natoka na mfuko wa taka, nakuta karatasi imebandikwa kwa selotepu mlangoni kwangu. Mwandiko mzuri wa shule ya zamani, mistari minne, "tafadhali" mbili, jina hakuna. Naarifiwa kwamba leo ni Jumapili, siku ya utulivu, na kwamba kugongagonga kwangu kunasikika mpaka ghorofa ya nne.

Nimekaa kwenye jengo hili hapa Leipzig, Ujerumani, muda mrefu kiasi cha kumjua kila mpangaji kwa kikohozi chake. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza kama nina mume. Hakuna aliyeuliza watoto wako wapi, nalipwa kiasi gani, yule kaka aliyekuja na maua mwezi wa sita ni nani, au mbona nimenenepa. Jina langu nadhani wanalisoma tu kwenye kengele ya mlango. Lakini kinu wanakijua.

Nilitaka kukasirika, nikaishia kucheka. Maana hapo ndipo nchi hii na kwetu zinapoachana njia. Mjerumani ataingilia unachofanya. Ukivuka barabara taa ikiwa nyekundu atakufokea, hasa kama kuna mtoto karibu. Ukitumbukiza chupa ya kahawia kwenye pipa la chupa nyeupe atakuelekeza. Ukienda kuzitupa hizo chupa Jumapili, ole wako. Ila wewe ni nani, unalala na nani, unamwomba nani, umezaa au hujazaa, hayo hayamhusu, na hana hata hamu ya kuyajua. Kwetu sasa: piga muziki mpaka saa kumi alfajiri, fanya mkesha na spika imeelekezwa kwenye dirisha la mgonjwa, choma plastiki uani, mwaga maji machafu njiani. Nani atakubandikia karatasi? Lakini fika miaka 39 bila pete kama mimi, ndipo utajua watu wetu wanavyoweza kufuatilia jambo.

Na hiyo Jumapili yao si mchezo. Iliwekwa kwenye katiba yao ya zamani, ile ya Weimar, mwaka 1919, na walipoandika katiba ya sasa mwaka 1949 wakakibeba kifungu kile kile kama kilivyo. Maduka yanafungwa, kutoboa ukuta kwa drili ni marufuku. Cha kuchekesha ni kwamba asubuhi ya Jumapili hiyohiyo kengele za kanisa zinapigwa mpaka vikombe vinatikisika kabatini, na hizo hazibandikiwi kitu.

Mwaka jana nilinyoa kipara. Nilikuwa nimechoka kusuka, na kusukwa huku ni bei ya mbuzi wawili, basi nikachukua mashine nikapitisha. Kazini hakuna aliyesema neno. Msimamizi alinitazama, akaendelea na ratiba ya zamu. Mzee mmoja tu, ninayemwogesha asubuhi, ndiye aliyeniambia sasa tumefanana. Nikampigia mama kwa video. Kabla hajaitikia shikamoo: "Mwanangu, umefiwa na nani?" Kufika jioni kundi la ukoo lilikuwa linawaka moto. Shangazi ameanza maombi ya kufunga. Binamu anauliza faraghani kama ni saratani. Wifi yangu ameshapata jibu, kwamba ni "mambo ya Ulaya", na nyinyi mnajua anamaanisha nini. Kaka mkubwa, ambaye kichwa chake kinang'aa tangu yuko chuo, akaniandikia nikumbuke nilikotoka.

Waliniuliza kwa upendo, najua. Ndiyo maana inachosha. Anayekuuliza kwa chuki unamjibu mkaachana. Anayekuuliza kwa upendo utamfanya nini?

Sasa nawasikia. Mmeshaanza kuandika. Huyu kapata vikaratasi vya Ulaya, leo anatuona washamba. Jamani, mimi nawafuta wazee haja, naamka saa tisa na nusu usiku kuwahi tramu ya zamu ya asubuhi, na mwisho wa mwezi nagawana mshahara na watu ambao wengi wenu mnawafahamu. Kiburi nitakipata saa ngapi? Ninachosema ni kwamba sijawahi kulala usingizi mzuri kama kwenye nchi ambayo hakuna anayesubiri tumbo langu likue.

Wa kwanza ataniambia huo ndio utamaduni wetu. Sawa, ila tuongee vizuri. Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza kwamba kuanzia Januari 1969 sketi fupi, mawigi, suruali za kubana na krimu za kujichubua ni marufuku Dar es Salaam, ili kulinda utamaduni. Pale Kariakoo wasichana walikuwa wakishushwa kwenye mabasi na kuzomewa. Leo nenda ibada ya kwanza usharika wowote wa mjini uhesabu mawigi, ukianza na kiti cha mbele cha mama mchungaji. Kwa hiyo wigi liliharibu utamaduni mwaka ule, halafu likawa utamaduni, na sasa mwenye matatizo ni mimi niliyekaa na kichwa alichonipa Mungu. Utamaduni wetu una tabia ya kukumbukwa mwanamke anapopita. Mwanaume akivaa suti ya vipande vitatu kwenye joto la Aprili, hakuna anayeuliza babu yake alivaa nini.

Na sisi wa Uchagani ndio tusiseme kabisa. Wamisionari wa Leipzig, mji huuhuu ninaotwangia viungo, walianza kazi Machame mwaka 1893. Wakatuletea Ulutheri, shule na matarumbeta, na leo harusi yetu bila matarumbeta haijanoga. Nilipofika hapa nikaenda kujiandikisha makazi, maana sheria inataka ufanye hivyo ndani ya wiki mbili tangu uhamie. Fomu ikauliza dini. Nikajaza Mlutheri, kwa fahari kabisa, kama mtu aliyerudi kwa wajomba. Wajomba wakanikata kodi ya kanisa: hapa jimbo la Sachsen ni asilimia 9 ya kodi ya mapato, inakatwa kwenye mshahara kabla hujauona. Bibi yangu aliyekuwa anapeleka mkungu wa ndizi kama sadaka ya mavuno asingeamini. Lakini tazama: wakishakata, hakuna anayejali kama nimekanyaga kanisani. Usharikani kwetu bahasha ina namba yako, na usipoonekana kwenye jumuiya Jumamosi mbili wanakufuata, wanaimba mlangoni, na kabla ya sala ya kufunga wameshajua una vyumba vingapi na kiatu cha kiume mlangoni ni cha nani.

Wa pili ndiye ninayemheshimu zaidi. Atasema majirani kujuana ndio usalama. Mwizi akija, ukianguka bafuni, nani atajua? Hoja nzuri. Ila huyu akae kidogo na bibi mmoja ninayemhudumia. Amezaliwa hapa, amezeekea hapa, miaka arobaini ya maisha yake ilikuwa chini ya Ujerumani Mashariki, ile ya Kikomunisti. Wakati ule majirani wa Leipzig walijuana sana. Walijua nani anasikiliza redio gani, nani kapata barua kutoka upande wa magharibi, nani haendi gwaride. Na wengine waliyaandika, wakayapeleka Stasi, polisi wa siri wa serikali ile. Tarehe 9 Oktoba 1989 watu wapatao 70,000 waliandamana kuupinga utawala huo kwenye barabara hizi ninazopita na tramu, risasi haikupigwa, na mwezi uliofuata ukuta wa Berlin ukafunguka. Baadaye jengo la Stasi la hapa likageuzwa makumbusho, na tangu 1992 raia akaruhusiwa kusoma faili lake. Bibi yangu huyu alikwenda kusoma la kwake. Alikuta humo chakula alichopika siku ya kuzaliwa kwa mwanawe, rangi ya mapazia, na jina la mgeni aliyelala. Akajua ni nani kwenye ngazi yake aliyeyaona hayo yote. Nikamuuliza alimfanya nini huyo jirani. Akasema aliendelea kumsalimia, lakini hakumkaribisha tena.

Sisemi balozi wetu wa nyumba kumi ni Stasi, msiniwekee maneno mdomoni. Balozi wetu shida yake ni mbege, pombe yetu ya ndizi, na kusuluhisha ng'ombe walioingia shambani. Nasema tu kwamba mtu aliyewahi kuchunguliwa hivyo akikunyamazia kwenye ngazi, usikimbilie kusema hana utu. Inawezekana huko kunyamaza ndiyo heshima anayoijua.

Wa tatu nimemngoja kwa hamu: Wazungu wanawatupa wazazi wao kwenye nyumba za wazee. Kaka, dada, mimi ndiyo kazi yangu hiyo. Nimeona wanaotembelewa kila Alhamisi na binti mwenye keki mkononi, na nimeona ambao simu ya mwanao inakuja Krismasi tu. Vyote vipo. Ila tuulizane kuhusu Machame. Mabibi zetu wako kwenye kihamba, shamba la ukoo, na dada wa kazi wa miaka 15 aliyeletwa kutoka mkoa mwingine, watoto wako Dar, Arusha, Dubai na mmoja yuko Leipzig anaandika haya. Tunatuma muamala, tunauliza "mama umekula?", tunaonana Desemba. Tofauti yetu na Mjerumani ni kwamba yeye amemkabidhi mama yake kwa mtu aliyesomea kazi hiyo miaka mitatu, sisi tumemkabidhi kwa mtoto.

Lakini kuna mahali hoja yangu inanikatikia mkononi, nayo ni msiba. Baba alipofariki nilikuwa zamu. Nilipewa ruhusa, wenzangu wakanishika mkono mmoja mmoja, wakaniambia pole kwa dhati, wakarudi kwenye vitanda vya wazee. Nikapanda tramu peke yangu. Saa ileile Machame maturubai yalikuwa yameshafungwa. Sufuria zimetoka nyumba saba. Wanawake wamekaa kwenye mikeka wanamenya ndizi za mtori, hakuna aliyewaita, mikono myeusi kwa utomvu. Nilipofika siku ya mazishi sikunyanyua hata kikombe. Wananishika kichwa, wananilaza, wananinywesha uji kama mtoto. Na ndio haohao! Mama aliyekuwa ananinywesha uji ndiye aliyeniambia jioni ya tatu, kwa sauti ya chini, kwamba baba ameondoka bila kuona mjukuu kutoka kwangu.

Mtaniambia ni kifurushi kimoja, ukitaka ndizi upokee na maswali. Nimeambiwa hivyo mara nyingi na kila mara nakataa. Kumenya ndizi hakuhitaji kujua habari za kizazi changu. Mbona wanaume wetu wanamenyewa ndizi bila kuulizwa? Kaka yangu wa kipara ameachana na wake wawili, anakula mtori wake kwa raha zake.

Nisije nikaonekana nimenunuliwa, na huku lipo swali wanaloniuliza. Moja tu. "Unatoka wapi?" Nasema mtaa wa tatu kutoka hapa. "Hapana, kwa asili." Naulizwa na mteja wa duka la mikate, naulizwa na mgonjwa, na treni ikisimama stesheni kuu askari wakapita kwenye behewa, anayeombwa kitambulisho ni mimi. Septemba 2024 kwenye uchaguzi wa jimbo hili chama cha AfD, kinachopinga wahamiaji, kilipata zaidi ya asilimia 30. Yaani kwenye kila wapiga kura watatu niliokaa nao kwenye tramu, karibu mmoja angependa nisiwemo. Na hajaniuliza jambo, hajanichungulia, haniombei. Amenyamaza tu na kura yake. Siku hizo mbili tatu baada ya matokeo nilitamani hata swali la shangazi.

Zikapita. Shangazi alipiga, tukasalimiana, na kabla ya dakika kwisha tamaa ile ilikuwa imeniisha kabisa.

Kwa hiyo Desemba nakuja, tiketi nimeshakata. Nakuja na kipara, baridi ya Machame nitaivalia kofia. Kwenye kikao cha ukoo, atakayeniuliza nalipwa ngapi nitamtajia makato kwanza, moja moja, kuanzia la kanisa. Tuone nani atavumilia mpaka mwisho. Atakayeuliza habari za mume nitaomba anipitishie mbege. Wifi nimemnunulia kanga kabisa kwa rafiki anayetoka Zanzibar, imeandikwa "Semeni mchana usiku mtalala", na nitampa kwa mikono miwili. Na nyinyi wa kamati ya harusi ya mtoto wa shangazi: mchango wangu nilituma Ijumaa, mweka hazina ameuona, ameweka kidole gumba. Niondoeni kwenye ile orodha ya wadaiwa mliyoibandika juu ya kundi.