Gari Gani, Bosi?

Tangu asubuhi nimeulizwa "gari gani?" mara saba. Mimi sina gari. Sijawahi kuwa nalo. Hata kwenye daladala ya Segerea mimi ni wa mlangoni, mguu mmoja ndani, mwingine kwa Mungu. Lakini leo, mwezi huu wa pili, kwa jua hili, nimezunguka Kariakoo na Gerezani nimekumbatia rejeta kwenye mfuko wa rambo, na kila muuzaji ananitazama kama mtu aliyeiba rejeta akasahau gari.

Tuheshimiane. Mimi ni mtaalamu. Nahariri video za harusi: sendofu, kicheni pati, ubarikio, hata arobaini ukija vizuri tunaongea. Mabosi wangu ni mama wa maharusi, na hao sina haja ya kuwaeleza. Huyu wa wiki hii leo kanipigia mara tisa kabla sijapiga mswaki. Anataka video. Na mimi naitaka! Ila kompyuta ikianza kurenda, yaani kuipika video iliyohaririwa iwe faili moja, ikifika pale MC anaposema "keki iliwe kwa mahaba", feni zinalia kama helikopta ya kampeni, halafu mashine inaanza kutambaa.

Prosesa yangu, yaani ubongo wa kompyuta, ni Core i7-8700K, toleo la 2017, bado ngangari. Iliyoniponza ni hiyo K. K maana yake kiwandani hawakuifunga, ukitaka kuiongezea mwendo ni wewe na roho yako. Imezaliwa na mwendo wa gigahezi 3.7, kori zote sita, yaani vichwa vyake vya kufanyia kazi, zikishika kazi inapanda hadi 4.3, mimi nikaipeleka 5. Vijana wanaita kuovakloki. Sasa ukiiongezea mwendo inadai volti, ukiipa volti inakurudishia joto, tena joto linapanda kuliko huo mwendo ulioupata. Ikigusa nyuzi 100 inapunguza kasi yenyewe, haikuombi ruhusa, kama konda aliyeona trafiki mbele akakumbuka ghafla kwamba abiria wamezidi.

Kwa hiyo nikaachana na kipozeo cha zamani chenye rejeta ya feni moja, nikanunua kwa mtu mtambo mkubwa wa maji: pampu, tangi dogo, bloku ya kukaa juu ya prosesa na rejeta ya feni mbili, milimita 240. Mtumba. Bei siitaji, mke wangu anajua kusoma. Vikaja bila mipira ya kupitishia maji, bila maji yenyewe. Aliyeniuzia alikuwa "rafiki yangu" hadi hela ilipoingia. Sasa hivi simu yake haipatikani.

Duka la kompyuta la kwanza: hakuna. La pili: "Maji ndani ya kompyuta? Si itapiga shoti, kaka?" La tatu kijana alinionea huruma. Akasema mambo ya rejeta ni Gerezani.

Nikafika Gerezani shati limeganda mgongoni. Chini ya turubai amekaa mzee mmoja, mikono myeusi hadi kwenye viwiko, anaziba rejeta ya lori.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Gari gani?"

"Siyo gari, mzee. Kompyuta."

"Aaa, kontroli boksi. Hiyo nenda kwa fundi umeme, pale kwenye mwembe."

Nikamwambia hapana mzee, ni kompyuta ya mezani, inachemsha. Neno "inachemsha" lilikuwa kosa langu la mwaka. Waliokuwa wamelala chini ya magari wakatoka. Muuza kahawa akatua birika. Jamaa aliyeleta Noah yake kutengenezwa akashuka, akaja kusimama na sisi, mikono nyuma, kama kwenye msiba.

"Ina silinda ngapi?" mzee akauliza.

Mtaalamu mimi, nikajikuta najibu: "Kori sita."

"V6!" akadakia kijana wa ovaroli. "V6 kwa joto la Dar lazima ichemshe. Toa thermostati."

"Haina thermostati."

"Wameshaitoa," wa Noah akathibitisha. "Hao wa mwanzo walikuwa mafundi."

"Feni iunge moja kwa moja, ikiwashwa tu izunguke," akasema muuza kahawa, ambaye sikumbuki nani alimuuliza.

"Inazunguka moja kwa moja."

"Na bado inachemsha?" Kimya. Wakatazamana. Kijana wa ovaroli akatingisha kichwa taratibu, kama daktari anayemwita ndugu wa mgonjwa pembeni. "Basi gasketi imeungua."

Nikatoa ile rejeta yangu kwenye rambo. Mzee akaigeuza, akaikwaruza kwa ukucha, akanusa. Akauliza ni ya nini, shaba au alumini. Nikasema hii shaba. "Na hicho kinachokaa kwenye injini?" Bloku, alumini. Akanirudishia haraka kama nimempa nyoka. "Ukizungusha maji yale yale kwenye shaba na alumini, mmoja anamla mwenzake. Utafungua mwakani utakuta uji." Na ni kweli! Mambo haya nimeyasoma usiku kucha kwenye simu kwa bando la kuunga unga, na mzee kayajua kwa kunusa.

Nikamuuliza, haya, maji gani? Akasema maji ya betri, yale masafi, siyo asidi, usije ukachanganya dumu. Halafu akanikalisha kwenye tairi.

"Maji hayapozi kitu, mwanangu. Maji yanabeba tu moto kutoka hapa kwenda pale. Kinachopoza ni upepo. Huko inakokaa hiyo injini yako, upepo ukoje?"

Nikawaza chumba changu. Bati juu, dirisha linatazama ukuta wa jirani, saa nane mchana kipimo kinasoma nyuzi 34.

"Wa moto," nikasema.

"Basi hata ufunge rejeta ya treni, haitashuka chini ya huo moto wa chumbani." Akanywa kahawa. "Na ukiiacha itembee mwendo wake wa kawaida, haifiki?"

"Inafika."

"Inachelewa kiasi gani?"

Nikapiga hesabu kimoyomoyo. Kazi ya saa tatu, kutoka 4.3 hadi 5. "Dakika 25 hivi."

"Na wewe kutoka kwako hadi hapa umetumia muda gani?"

Sikujibu. Wa Noah akacheka hadi akashika boneti. Nawaambia, nimetukanwa na makonda, nimefukuzwa ukumbini na kamera begani wakidhani ni mzamiaji, lakini sijawahi kujisikia vile. Dakika 25! Nauli nimelipa, mipira nimenunua, jua limenila, yule mama anapiga simu mfukoni muda wote huo, na nilichokuwa nagombania ni dakika 25! Kahawa yenyewe ndiyo niliyolipa mimi. Ya wote.

Nyumbani nako. Mpangaji mwenzangu kasimama kwenye mita, anasema kompyuta yangu inakula yuniti kama pasi, na yeye hachangi tena hadi tukae kikao. Mke wangu katazama zile feni mbili za rejeta, akatazama feni yetu moja ya chumbani ile inayogeuka upande mmoja tu, akasema, "Kumbe hela ya feni huwa ipo." Nikanyamaza. Nyuma ya kompyuta, pale joto linapotokea, kuna soksi za watoto za shule zimeanikwa. Zinakauka vizuri, sikatai.

Yale maji ya betri, lita tano, dumu lilikuwa linavuja, nikayahamishia kwenye chupa za maji ya kunywa nikazitia kwenye friji ya mama mwenye nyumba. Kitaalamu nilitaka yaanze kazi yakiwa baridi. Msinicheke, nilikuwa nimechoka. Nimeoga, natoka, namkuta shemeji kaja kusalimia, kakaa kwenye kiti changu, chupa ya kwanza tupu, ya pili iko nusu.

"Shemeji," anasema, "maji yenu siku hizi hayana chumvi kabisa. Mmebadilisha kisima?"

Kisima! Kisima ni kile kile. Tena chumvi imezidi, juzi chai ya maziwa imekatika mbele ya wageni, sabuni haitoi povu, na yule kijana wa mkokoteni amepandisha dumu bila kumwambia mtu, ukimuuliza anasema foleni. Foleni ya nini, na kisima kiko nyuma ya nyumba yake?