Kabla ya RAM, niambie utalipaje

Kuna swali moja likitupwa kwenye grupu lolote la WhatsApp la watu wa kompyuta hapa Kigoma, basi siku hiyo kazi hazifanyiki: "Wakuu, VPS gani nzuri kwa tovuti yangu binafsi?" VPS ni seva, yaani sehemu ya kompyuta ya kampuni unayoikodi mtandaoni kuweka tovuti yako. Wiki hii swali limetupwa tena. Huyu anaitaja kampuni ya Hetzner, yule DigitalOcean, mwingine anatuma picha ya bei za Contabo, RAM (kumbukumbu ambayo mashine inafanyia kazi) ya kumwaga, na alama za moto mbele yake. Akaibuka na jamaa mwenye ofa ya kampuni ambayo hakuna aliyewahi kuisikia, "ofa inaisha leo usiku". Watu wakatukanana kiungwana mpaka saa sita. Na katika kelele zote zile hakuna hata mmoja aliyemuuliza muulizaji: ndugu, kadi unayo? Inakubali kulipa mtandaoni? Na mwezi itakapogoma, utafanyaje?

Nina sababu ya kukereka. Kuna kijana wa Ujiji alikuwa na tovuti ya vitendawili na methali za Kiha. Alizunguka Kasulu, Buhigwe mpaka Kibondo na simu yake, anakaa na wazee, anarekodi. Ukibonyeza kitendawili unasikia sauti ya bibi mwenyewe, kuku wanalia nyuma, na mjukuu anadakia jibu kabla hajaulizwa. Kazi safi kabisa. Seva aliichukua kwa kampuni moja ya nje, na mashine ilikuwa nzuri tu, haikuwahi kumsumbua. Kilichomwangusha ni malipo. Kadi yake ya benki iliisha muda, akapewa mpya, na ile mpya ikaja imefungwa manunuzi ya mtandaoni mpaka uende tawini ujaze fomu. Yeye yuko kijijini anarekodi. Malipo yakagoma. Kampuni ikatuma barua pepe za kumkumbusha, zote zikaenda kwenye anwani aliyoifungua enzi za chuo na ambayo nywila yake haikumbuki tena. Seva ikasimamishwa. Kisha ikafutwa. Deni lenyewe halifikii bei ya kilo moja ya dagaa wazuri.

Hakutapeliwa. Masharti yaliandikwa, naye aliyabofya kama sisi sote tunavyoyabofya. Lakini nataka mniambie, ninyi mabingwa wa RAM, gigabaiti ngapi zingemwokoa?

Ndiyo maana nasema mtu wa huku kwetu anayechagua mahali pa kuweka tovuti yake aanzie kwenye ukurasa wa malipo, tena auchambue kama mkataba wa kiwanja. Mashine yenyewe aje kuitazama baadaye. Kwa tovuti binafsi, yenye maandishi, picha kiasi na wasomaji wanaohesabika, gigabaiti moja ya RAM inatosha na kubaki, na kampuni zote kubwa zinayo. Tofauti zao kwenye mashine ya bei ya chini hutaziona kwa macho. Tofauti ya namna wanavyochukua hela yako utaiona mwezi wowote ule mambo yakienda kombo.

Tuanze na dola. Dola tano kwa mwezi, watu wanasema, si kitu. Mwaka 2022 dola ilikuwa kwenye 2,300 hivi, kwa hiyo tano ni shilingi 11,500. Mwaka 2024 ikagusa 2,700, na dola tano zile zile zikawa 13,500. Hakuna aliyepandisha bei, ila wewe umelipa zaidi. Juu yake weka makato ya benki ya kubadilisha fedha. Halafu kuna VAT: tangu Sheria ya Fedha ya 2022, kampuni za nje zinazotuuzia huduma za kielektroniki zimewekewa utaratibu wa kujisajili TRA na kutoza kodi hiyo. Zinazotii zinakuongezea kwenye bili. Sasa wewe umeweka kwenye akaunti kiasi kile kile ulichokiona kwenye tangazo, hata senti haijazidi, halafu unashangaa malipo yamekataliwa kwa upungufu wa shilingi elfu mbili.

Kuna hili nalo ambalo linawapata wengi: ukiizima seva, bili inaendelea. Kwa kampuni nyingi za aina hii, kuizima ni kuizima tu; diski yako na nafasi yako bado wamekuhifadhia, na saa zinahesabiwa. Mpaka uifute kabisa. Watu wanazima "kubana matumizi", wanaenda zao Bukavu kwenye biashara, wanarudi wanakuta deni.

Na kadi sasa. Nilienda tawini kufungulia kadi yangu manunuzi ya mtandaoni. Dada wa kaunta, mpole sana, akaniuliza, "Kaka, unataka kununua nini huko Ujerumani?" Nikamwambia nakodi kompyuta. "Italetwa na meli?" Nikamwambia haiji, inakaa huko huko. Akanitazama, akaitazama fomu, akaandika kwa herufi kubwa MATUMIZI BINAFSI na kugonga mhuri. Nilimshukuru kwa moyo wote. Lakini jiulize mtu wa Kakonko au Uvinza, atafika kaunta mara ngapi kwa ajili ya seva? Ndiyo unakuta mtu tovuti yake ya biashara inalipiwa kwa kadi ya shemeji. Siku ndoa ikitikisika, tovuti nayo inatikisika.

Kwa hiyo kabla hujauliza kasi, tafuta mambo haya kwenye masharti yao. Je, naweza kuweka salio mapema, la miezi sita au mwaka, wakawa wanakata humo badala ya kuigonga kadi kila mwezi? Zipo zinazokubali, na kwa mtu wa huku hiyo pekee inashinda RAM mara mbili. Je, nikichelewa, kati ya kusimamishwa na kufutwa kuna siku ngapi? Wengine wanakupa wiki kadhaa, wengine hawasemi chochote, na asiyesema mwogope. Je, naweza kuweka anwani ya pili ya barua pepe kwa ajili ya bili, ya mke, ya rafiki, ya yeyote anayefungua barua zake?

Haya, najua mtakachosema: "Weka seva hapa nchini, ulipe kwa simu, yaishe." Kwenye malipo mna haki, na nalisema hili kwa shingo upande. Kampuni ya Dar inayopokea kwa M-Pesa au Airtel Money imeniondolea benki, dola na fomu kwa mpigo mmoja. Nikikaa kijiweni Kibirizi naweza kulipia bili kabla chai haijapoa.

Ila msiniletee ile hoja ya kasi. Mwanga ndani ya nyaya za faiba unakwenda kama kilomita 200,000 kwa sekunde. Kigoma hadi Dar kwa njia ya reli ni kilomita 1,250 na kidogo. Kwenda na kurudi ni milisekunde kumi na mbili au tatu kwa hesabu ya chini kabisa. Mpaka Ujerumani kwa kupita baharini weka zaidi ya kilomita 10,000, utapata milisekunde mia na ushee. Tofauti ni kama sehemu moja ya kumi ya sekunde kwa kila safari. Kivinjari kinasafiri mara kadhaa kabla ukurasa haujafunguka, sawa, tuseme nusu sekunde. Sasa chukua ile picha yako ya megabaiti nne uliyoibandika juu ya ukurasa kama ilivyotoka kwenye kamera. Kwa mtu mwenye kasi ya megabiti mbili kwa sekunde, picha hiyo peke yake ni sekunde kumi na sita, hata seva ikiwa chumba cha pili. Punguza picha, ndipo uje tuzungumze kuhusu Ujerumani.

Mna turufu moja lakini, nami sitaificha. Mei 12, 2024, nyaya za EASSy na Seacom zilipokatika baharini, nchi nzima ilikwama kwa siku kadhaa. Tovuti zilizokuwa nje zikawa hazifunguki au zinajikokota, na ndiyo siku zile ambazo mwenye seva Dar alikuwa na cha kujivunia. Kama wasomaji wako wote wako Tanzania na wanakuhitaji siku mbaya kama ile, basi sawa, weka nyumbani. Blogu yangu mimi inaweza kupumzika siku tatu na taifa lisitetereke.

Tena hakikisheni hiyo "ya hapa nchini" ni ya hapa nchini kweli. Wapo wanaonunua mashine Ujerumani, wanabadilisha nembo, wanakuuzia kwa bei ya juu. Chukua anwani ya IP (namba ya seva kwenye intaneti), itafute ni ya nani, utajua. Na ukisikia "bila kikomo", shika mfuko. Hakuna diski isiyo na mwisho wala intaneti isiyo na mwisho. Kilichopo ni hiace ya Mwanga–Ujiji, kiti cha watu watatu wamekaa watano na konda bado anaita. Dalili yake ni rahisi: ingia kwenye seva, andika amri ya top, tazama namba iliyo karibu na herufi st. Hiyo ni muda ambao mashine yako ilitaka kufanya kazi ikakuta jirani amekalia kiti. Ikiwa sifuri au karibu na sifuri, tulia. Ikipanda na kukaa juu, hama.

Kuhama! Hapo ndipo wengi wanapokwama, kwa sababu kila kitu kiko kwa mtu mmoja. Domeini (jina la tovuti) kwa huyo huyo, seva kwa huyo huyo, nakala rudufu kwa huyo huyo. Machi 10, 2021 kituo cha data cha kampuni ya OVH huko Strasbourg, Ufaransa, kiliungua. Jengo zima la SBG2 likateketea. Walikuwapo wateja waliokuwa na nakala, wamelipia kabisa, nazo zilikuwa zimehifadhiwa pale pale zikaungua pamoja na asili yake. Kwa hiyo ile snapshoti (nakala ya seva nzima ya wakati huo) unayoibonyeza kwenye paneli ya kampuni ukajiona salama, ni nzuri ukikosea kitu jioni na kutaka kurudi asubuhi. Akaunti ikifungwa, nayo imefungwa humo humo. Nakala ya kweli iko mahali ambapo mwenye seva hawezi kupagusa: kwenye diski yako nyumbani, kwenye laptopu ya kaka yako, kwenye flashi ndani ya kopo la chumvi ukitaka. Kijana wangu wa vitendawili alikuwa na snapshoti. Sauti za baadhi ya wale wazee hazitarekodiwa tena, kwa sababu wenyewe wametangulia.

Domeini isajili kwa jina lako mwenyewe na uilipie mbali na seva. Sina zaidi hapo.

Kuna mtakaoniuliza kama VPS inahitajika kabisa. Mara nyingi haihitajiki. Tovuti ya kurasa zisizobadilika unaiweka GitHub Pages au Cloudflare Pages bila kulipa shilingi, na suala la kadi linakufa hapo hapo. Ila nawaelewa wanaotaka seva yao. Unajifunza kuliko darasa lolote, hata kama somo la kwanza ni roboti za duniani kote kuja kujaribu kubahatisha nywila yako kabla hujamaliza kuisanidi. Tumia funguo za SSH (njia ya kuingia kwenye seva ukiwa mbali), zima nywila. Na yule aliyependekeza tuweke kompyuta ndogo sebuleni Mwandiga iwe seva, nampongeza; inaonekana umeme wa mtaani kwao haukatiki.

Mwisho, ombi. Kama kuna mdau anaijua kampuni ya nje inayopokea hela ya simu moja kwa moja kutoka Tanzania, bila dalali katikati, aniandikie. RAM asihangaike kunitajia. Anipe kiungo cha ukurasa wao wa masharti, na kama ameshawahi kuchelewa kulipa, aniambie walimfanya nini.