Ukienda Kujitolea Baharini, Uliza Hesabu Inarudi kwa Nani

Vijana wengi wanatamani safari za kujitolea za utafiti wa bahari nje ya nchi: unalipa nauli na ada, unafundishwa kuzamia, unakaa wiki kadhaa ukihesabu samaki. Naziunga mkono kabisa, ila kwa sharti moja: wenye bahari ile wawe wa kwanza kuona hesabu yako.

Mfano ninaoupenda ni Andavadoaka, kijiji cha Wavezo, jamii ya wavuvi, kusini-magharibi mwa Madagaska. Blue Ventures, shirika la Uingereza lililoanzishwa mwaka 2003, lilipeleka huko watu wa kujitolea, na ada zao zikasaidia kugharamia utafiti. Kazi yenyewe haina anasa. Kabla hujaandika chochote unafanya mtihani wa kutambua samaki na matumbawe. Ukifaulu, unazama na kibao cha plastiki na penseli, unafuata utepe wa kupimia uliotandazwa juu ya mwamba, unaandika ulichokiona na si zaidi. Kesho unaanza upya. Maji yakichafuka, unasubiri.

Lakini kilichowagusa wanakijiji wenyewe ni pweza. Huko, kama Pemba, maji ya bamvua yakitoka wanawake hutembea juu ya mwamba wakichokoa mashimo kwa vijiti kutafuta pweza. Novemba 2004 kijiji kiliufunga mwamba mmoja, Nosy Fasy, kwa miezi saba. Pweza hukua upesi mno, na jike hutaga mara moja tu maishani, akayalinda mayai mpaka kufa. Ukimvua kabla hajataga, umevua na kizazi chake. Mwamba ulipofunguliwa walipatikana pweza wakubwa zaidi, na vijiji jirani vikataka kufunga miamba yao. Mwaka 2006 vikaungana katika Velondriake, eneo la bahari wanalolisimamia wenyewe, na Andavadoaka ikapata Tuzo ya Ikweta ya UNDP, shirika la maendeleo la Umoja wa Mataifa.

Mgeni alisaidia kupima. Aliyekubali kutoshika kijiti chake miezi yote ile ni mama mwenye watoto wa kulisha, na inaniuma ninaposoma masimulizi ya safari hizi yaliyojaa kasa na machweo, na mama huyo hayumo.

Kwetu nako, Kisiwa Panza, Pemba, watu wanafunga miamba ya pweza kwa muda, wakisaidiwa na shirika la Mwambao. Kijana aliyekulia hapo anajua kupwa na kujaa kwa maji tangu utotoni, lakini ada za safari za utafiti zinamfungia mlango. Kila msafara unaotoza wageni ungetenga nafasi kwa vijana wa pwani ileile: wafundishwe kuzamia, walipwe, majina yao yaandikwe kwenye ripoti.

Basi kabla hujalipa, waulize waandaaji: matokeo mnawasomea wanakijiji lini, na kwa lugha gani? Nani anaendelea kuhesabu sisi tukishaondoka? Wakikosa jibu, tafuta msafara mwingine.