Gitaa Lililosimama Nachingwea

Katika kata ya Reli hapa Mtwara mjini hakuna reli. Iliyokuwapo ilijengwa na Waingereza baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia ili kuteremsha karanga kutoka Nachingwea hadi bandarini, karanga zenyewe zikakataa kuzaa kwa kiasi kilichotarajiwa, mradi ukafutwa mwaka 1951, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 vyuma viling'olewa vikaondoka, tukaachiwa jina. Nimekulia ndani ya jina hilo bila kuona hata msumari wa taruma. Kwa hiyo nilipostaafu ukarani wa bohari niliamua kuirudisha njia ile kwa gharama zangu mwenyewe, ingawa kwa urefu wa mita mbili na nusu tu, juu ya meza, katika chumba cha uani ambacho mama watoto alikuwa amekikusudia kwa ajili ya kuku.

Seti yenyewe ya treni ya kuchezea ni ya mtumba kutoka Uingereza, ya kipimo cha moja kwa 76, na njia yake ina upana wa milimita 16.5. Mwalimu, mstaafu mwenzangu aliyefundisha fizikia katika shule za sekondari kwa miaka mingi, alipiga hesabu mbele yangu siku ya kwanza alipoiona, akathibitisha kwamba upana huo ukikuzwa mara 76 unapita mita moja na robo, ilhali reli yetu ya zamani ilikuwa ya mita moja kamili kama Reli ya Kati. Nilimwomba hesabu hiyo isiingie kwenye muhtasari. Upande mmoja wa meza niliweka bandari ya Mtwara, upande wa pili nikaweka Nachingwea, na katikati nikapanda mikorosho ya sponji iliyopakwa rangi ya kijani. Kwa kuwa nchi isiyo na mawe haipendezi, nilikwenda kwa akina mama wanaobangua korosho, nikaomba maganda, nikayapanga pembeni mwa njia yawe miamba. Kila mtoto aliyezaliwa Mtwara anajua kwamba mafuta ya ganda la korosho yanaunguza. Hata mimi nilijua, ila nilikuwa nikifikiria ngozi, vyuma sikuvifikiria.

Wanachama wa klabu yetu ya treni tulikuwa watatu: mimi katibu, Mwalimu ambaye ndiye mwenyekiti, na Fundi, mtu wa makamo ambaye kwa zaidi ya miaka thelathini amekuwa akitengeneza redio kwenye kibanda chake karibu na soko. Tulikutana kila Jumamosi baada ya sala ya alasiri, na akidi ilikuwa watu wawili na kichwa cha treni kinachotembea.

Muziki wa roki uliingia katika ajenda kwa sababu ya Rod Stewart. Nilikuwa nimesoma kwamba mwimbaji huyo Mwingereza alitumia zaidi ya miaka ishirini kujenga nyumbani kwake mji wa Kimarekani wa miaka ya 1940 wenye reli ndogo za kipimo cha moja kwa 87, na kwamba alipokuwa safarini kwa maonyesho alikuwa akikodi chumba cha ziada hotelini ili aendelee kujenga maghorofa yake kati ya tamasha moja na jingine. Habari hizo nilizipeleka kwa mama watoto kama ushahidi wa utetezi. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza kama huyo bwana naye alichukua banda la kuku.

Basi ikaamuliwa kwamba kila Jumamosi mwanachama mmoja alete muziki wa roki anaoupenda, tuusikilize treni ikizunguka, kisha tuupe alama kumi kwa kumi. Mwalimu alianza na bendi ya Queen, kwa hoja kwamba mwimbaji wake Freddie Mercury alizaliwa Zanzibar mwaka 1946 na kwa hiyo ni mtu wa pwani kama sisi. Akapata alama nane, mbili kati ya hizo zikiwa za uraia. Fundi alileta mpiga gitaa Jimi Hendrix, kwa sababu yeye Fundi anatumia mkono wa kushoto, na amefarijika sana kujua kwamba bwana yule naye alikuwa wa kushoto, akalipindua gitaa la watu wa kulia akalipiga likiwa limegeuzwa, badala ya kungoja dunia imtengenezee lake. Ni Fundi aliyetufundisha kwamba ule mlio wa kukwaruza tuliodhani ni ubovu wa spika ulikuwa umekusudiwa, kwamba watu wale walizidisha sauti mpaka kikuza sauti kikalia chenyewe, na kwamba ufundi ulikuwa hapo hasa. Somo hilo tulilishika vizuri mno. Laiti tungelisahau.

Jumamosi ninayoieleza ilikuwa ya mwezi wa Novemba, wakati korosho zikiwa mnadani na mji mzima ukizungumza bei, nasi tukizungumza mambo ya maana. Zamu ilikuwa ya mpwa wangu, mwanafunzi wa chuo, ambaye tulikuwa tumemkubali kama mwangalizi asiye na kura. Kijana alisimama, akatueleza kwa heshima zote kwamba amemchagua Neil Young kutoka Kanada, kwa sababu bwana huyo, pamoja na kuwa mpiga gitaa, ni mwenzetu kabisa: katika miaka ya 1990 alikuwa mmoja wa walionunua kampuni ya treni za kuchezea ya Lionel ya Marekani, na alishiriki kubuni kidhibiti cha mbali ili mwanawe mwenye ulemavu wa mtindio wa ubongo aweze kuendesha treni bila msaada. Hapo Mwalimu alivua miwani, akaifuta. Kisha mpwa wangu akaongeza jambo ambalo ndilo lililotuponza. Alisema kwamba mwaka 1991 Neil Young alitoa rekodi ya dakika thelathini na tano hivi ambayo karibu yote ni makelele ya magitaa na milio ya spika iliyokusanywa kutoka jukwaani, pasipo wimbo wa kawaida, na kwamba hiyo ndiyo tutakayoisikiliza leo.

"Wajomba zangu, nawaomba uvumilivu," alisema. "Msitegemee kusikia mashairi."

Tukamhakikishia kwamba sisi ni watu wazima.

Akachomeka waya wa simu yake kwenye redio ya zamani ya Fundi, waya ambao kwa kuwa ulikuwa mfupi ulilazwa juu ya meza, sambamba na njia ya treni, na redio pamoja na transfoma ya treni vyote vikawa vinakula kwenye ekstensheni moja. Nikazungusha kitufe, treni ikaondoka bandarini. Papo hapo redio ikaanza kutoa mlio ambao sijawahi kuusikia kabla wala baada ya siku hiyo: chini kabisa kulikuwa na besi nzito isiyobadilika, na juu yake gitaa lililokuwa likikwaruza, likikohoa, likitoa cheche za sauti, likipanda na kushuka kama mtu anayelalamika usingizini. Mpwa wangu alikuwa ameshatoka uani na simu yake sikioni, nasi hatukumjali, kwa sababu tulikuwa tumeshikwa.

Dakika ya pili mama watoto aliingia na sahani ya mihogo ya kukaanga na birika la chai. Akasimama, akatega sikio, akasema, "Redio yenu imeharibika."

Tulitazamana. Mwalimu alimjibu kwa upole, kama alivyokuwa akiwajibu wanafunzi wa kidato cha kwanza, kwamba muziki wa namna hii, shemeji, unahitaji sikio lililozoeshwa. Yeye akaweka sahani ukingoni mwa bandari, akaketi kwenye kigoda karibu na mlango, akaanza kuchambua mchele. Namshukuru Mungu kwamba amejaliwa subira, na nasikitika kwamba amejaliwa kumbukumbu pia.

Nitanukuu sehemu ya muhtasari, kwa kuwa niliuandika wakati ule ule na sina namna ya kuukana. "Mwenyekiti alibainisha kuwa mpiga besi ana nidhamu ya hali ya juu, kwani amekaa kwenye noti moja tangu mwanzo bila kuchoka. Fundi aliunga mkono, akasema wapigaji wa siku hizi hawawezi. Katibu aliona kwamba gitaa linapunguza mwendo kila treni inapoingia kwenye kona, na linapata nguvu inapotoka." Hoja hiyo ya mwisho ilikuwa yangu, nami niliona fahari kuitoa. Ningeiacha hapo, pengine aibu ingekuwa ndogo. Lakini treni ilipofika Nachingwea niliisimamisha kama kawaida ili ipakie karanga, na gitaa nalo likasimama. Ikabaki besi peke yake, ikinguruma taratibu. Nilipoiondoa treni, gitaa likaingia tena.

"Mmesikia?" Mwalimu alinong'ona. "Ameweka kituo!"

Ndipo tukajenga nadharia. Mtu huyu, tulisema, ni mwenye treni. Ni lazima aliitunga kazi hii akiwa mbele ya reli yake mwenyewe, na kwa kuwa treni ndogo zote hutembea kwa mwendo unaokaribiana, si ajabu hata kidogo kwamba muziki uliotungwa Marekani unaoana na ratiba ya Nachingwea. Mwalimu wa fizikia ndiye aliyesema maneno hayo. Fundi wa redio ndiye aliyetikisa kichwa kukubali. Mimi ndiye niliyeyaandika.

Kilichofuata kilitokana na mkono wangu. Nilikuwa nimekishika kidhibiti mwendo, na kadiri gitaa lilivyopandisha ndivyo damu yangu ilivyochemka, na damu ilivyochemka ndivyo vidole vilivyozungusha kitufe, na kitufe kilivyozunguka ndivyo gitaa lilivyozidi kupandisha, hata tukafika mahali ambapo sote watatu tulikuwa tumesimama, Fundi akipiga gitaa la hewani kwa mkono wa kushoto, na Mwalimu akirudia "Anakuja! Anakuja!" bila kusema ni nani. Treni ilipita Nachingwea bila kusimama. Kwenye kona ya bandari kichwa kiliacha njia, kikavuka gati, kikavuta mabehewa mawili, na kutua katikati ya mihogo.

Gitaa likakatika kwa mkupuo mmoja.

Mwalimu alipiga makofi. Sisi pia tukapiga makofi. Machozi yalikuwa yananilenga, na sisemi uongo. Tukatoa alama bila kujadiliana: Mwalimu kumi, Fundi tisa na nusu, mimi kumi. Hakuna mwanamuziki aliyewahi kukaribia alama hizo, hata yule wa Zanzibar. Ilikuwa ndiyo kwanza nimepiga mstari chini ya jumla, mpwa wangu akarudi kutoka uani.

"Nisameheni sana, wajomba," alisema. "Mama alipiga simu kabla sijaanzisha muziki, na mnajua akishika simu haachi. Sasa tunaweza kuanza."

Sauti pekee iliyobaki chumbani ilikuwa ya besi. Fundi aliinama pole pole, akashika jeki ya waya mahali ilipoingia kwenye redio, akaona imening'inia, nusu ndani nusu nje. Akaisukuma. Besi ikanyamaza.

Maelezo aliyatoa yeye, kwa sauti ya mtu anayetoa ushahidi dhidi ya nafsi yake. Kichwa cha treni kinapata umeme wa volti 12 kutoka kwenye vyuma vya njia kupitia magurudumu. Vyuma vikiwa vichafu, magurudumu hurusha cheche, na brashi za mota nazo hurusha zake, na cheche zote hizo hupeperusha mawimbi yanayodakwa na waya ulio karibu, hasa waya ambao jeki yake haikuingia sawasawa. Besi ilikuwa umeme wa kawaida wa nyumbani, ambao hapa kwetu hutetema mara 50 kwa sekunde. Alipitisha kidole juu ya chuma cha njia, akakinusa, akanitazama. Kilikuwa na utelezi mweusi, mafuta ya maganda ya korosho.

"Kelele hii," alisema, "ndiyo inayonilisha. Watu wananilipa niiondoe."

Mwalimu alikuwa anatazama dari. Mara 50 kwa sekunde alikuwa ameifundisha, kwa hesabu yake mwenyewe, kwa vidato visivyopungua mia.

Mama watoto hakusema neno. Alitoa behewa moja kwenye sahani, akalifuta kwa kanga, akaliweka mezani, kisha akatumiminia chai kwa zamu, akianza na Mwalimu.

Kwa ajili ya haki tuliisikiliza pia rekodi halisi ya Neil Young, treni ikiwa imezimwa. Tulivumilia dakika nne. Mwalimu alisema ni jitihada nzuri lakini inakosa vituo, na tukampa tatu.

Jumamosi iliyofuata ajenda ilikuwa moja. Fundi, ambaye jina lake la kazi lilikuwa hatarini, alileta spiriti, kitambaa na kapasita ndogo ya kuzima cheche za mota, akaomba ruhusa ya kusafisha njia yote na kuondoa maganda. Mwalimu alipinga. Ilipigwa kura, na kwa kura mbili dhidi ya moja ikaazimiwa kwamba miamba ibaki mahali pake, njia isiguswe hadi mwisho wa msimu wa korosho, na waya urudishwe ulipokuwa, jeki ikiwa nusu ndani nusu nje. Mama watoto aliomba iandikwe kwamba mihogo itawekwa upande wa Nachingwea.