Jicho Halipigi Picha

Ukitaja vihisi vya kamera, yaani sehemu zinazonasa mwanga, vinavyoigwa kutoka kwa macho ya viumbe hai, hukosi mhandisi wa kukukumbusha kwamba ndege ya abiria haipigi mabawa, na bado inawaacha mbali ndege wote wa angani. Hoja yake ina uzito. Kamera ya kawaida ni rahisi, imezoeleka, na programu nyingi za kutambua vitu zimeundwa kwa ajili ya picha kamili. Ya nini kuhangaika na jicho?

Anachodhani ni kwamba anayeliiga jicho anafuata umbo lake. Tuangalie hesabu moja. Retina ya binadamu, yaani utando ulio nyuma ya jicho, ina seli zaidi ya milioni 100 zinazopokea mwanga, ilhali mshipa wa fahamu unaotoka hapo kwenda kwenye ubongo una nyuzi kama milioni 1 tu. Seli mia na ushei kwa uzi mmoja! Kwa hiyo kazi kubwa ya kuchuja inafanyika jichoni kwenyewe, kabla ubongo haujaletewa chochote. Kamera haichuji hivyo. Iwekwe mbele ya ukuta mtupu, itautuma ukuta huohuo mara 30 kila sekunde, na kompyuta itakula umeme hadi igundue kwamba hakuna kilichobadilika. Upotevu huu naona hatuuzungumzii vya kutosha.

Watafiti Misha Mahowald na Carver Mead ndio waliotengeneza retina ya silikoni, yaani chipu inayoiga kazi ya retina, huko California, mwishoni mwa miaka ya 1980. Katika vihisi vilivyotokana na wazo hilo, kila pikseli, yaani kila nukta ya picha, hujitegemea: hukaa kimya mpaka mwanga unaoifikia ubadilike, kisha hutoa ishara papo hapo, bila kungoja fremu, yaani picha kamili inayofuata. Punga mkono mbele yake na kwenye skrini utaona kingo za vidole tu. Tuliza mkono, nao unatoweka.

Hapo ndipo wakosoaji wanaposhika, na wana haki. Mwaka 1959 mwanasayansi Jerome Lettvin na wenzake walieleza jinsi jicho la chura linavyompasha habari za vinavyosogea, kiasi kwamba anaweza kufa njaa huku amezungukwa na chakula kisichotikisika. Gari linalojiendesha, likisimama mbele ya mtu aliyesimama, haliwezi kuruhusiwa kuwa chura.

Ila sisi wenyewe tuna jicho la namna hiyo. Taswira ikigandishwa mahali pamoja kwenye retina, hufifia katika sekunde chache. Kinachotuokoa ni mitetemo midogo ya jicho ambayo hatuihisi kabisa. Mwaka 2024 watafiti wa Chuo Kikuu cha Maryland waliiga mitetemo hiyo: waliweka kioo chenye umbo la kabari mbele ya kamera ya aina hii, wakakizungusha mfululizo. Kingo za vitu vilivyotulia zikabaki zinaonekana.