Acheni Kuwacheka Watu wa Bungin

Kuna video inazunguka WhatsApp, na kila anayeituma anaona lazima aongeze vikatuni vitatu vya kucheka. Mbuzi kasimama kwenye uchochoro mweupe wa mawe, katikati ya ngazi za nyumba mbili za mbao, anatafuna ukurasa wa daftari. Anaanza na kona, anauvuta taratibu, mistari ya hesabu inaingia mdomoni mpaka inabaki pembe moja tu inayochezacheza kwenye ndevu. Juu ya video wameandika: "KISIWA MASKINI KULIKO VYOTE, HATA MBUZI WANAKULA KARATASI." Chini yake, maoni. La kwanza kabisa: "Si wahame tu?"

Hilo "si wahame tu" ndilo limenikalisha hapa kuandika. Mbuzi nisingejisumbua nao. Mbuzi wa Tandale wanakula maboksi miaka yote na hakuna mtalii aliyewahi kuwatengenezea video.

Kisiwa chenyewe ni Bungin, Indonesia. Kiko kaskazini ya kisiwa kikubwa cha Sumbawa, usoni pa mji mdogo wa Alas, mkoa wa Nusa Tenggara Barat. Wakazi wake ni Wabajo, watu wa bahari waliotawanyika kuanzia kisiwa cha Sulawesi mpaka visiwa vya kusini yake. Ni zaidi ya watu 3,000 kwenye eneo lisilofika hekta 10. Nyumba ni za mbao, zimesimama kwenye nguzo, juu bati, na zimebanana hivi kwamba ukipiga chafya nyumba ya tatu wanakuitikia. Bustani hakuna, majani hakuna. Basi mbuzi wanakula kilichopo: karatasi, maboksi, matambara. Wananenepa, wanachinjwa, maisha yanaendelea.

Sasa sikilizeni ambacho mwenye video hakuona sababu ya kukieleza. Kijana wa Bungin akitaka kuoa na kutoka kwa wazazi wake, hatafuti kiwanja. Anakitengeneza. Maji yakipwa anatoka na mtumbwi kwenda kuokota mawe ya matumbawe, anarudi umelemewa, maji yamebakisha vidole viwili kuingia ndani. Anayashusha pembeni mwa kisiwa, jiwe juu ya jiwe, anazungusha ukuta baharini, kisha anaanza kujaza katikati. Mawe yanadidimia, anaongeza. Yanadidimia tena, anaongeza tena. Ndugu wanamsaidia, marafiki wanamsaidia. Ikishatokea sehemu ambayo bamvua halifiki juu, ndipo nguzo zinasimamishwa na habari za harusi zinaanza kusikika. Kwa maneno mengine kile kisiwa kinakua kwa ndoa. Kila mtaa mle ndani ni hesabu ya watu waliooana.

Mimi hapo nilivua kofia. Huku kwetu kijana akitaka kiwanja anakwenda kwa dalali, dalali anampeleka kwenye pori lenye bikoni mbili na mnazi, anatoa pesa, halafu siku ya kumwaga mchanga anakuta wenzake wawili wamefika na mchanga wao. Mjomba wangu alinunua hivyo. Karatasi yake ya mauziano ipo mpaka leo, ya daftari la mistari, ina sahihi nne na muhuri wa mtaa uliofifia, na amekwenda nayo baraza la ardhi mara nyingi kiasi kwamba imekatika kwenye mikunjo, ameiunga kwa selotepu. Kijana wa Bungin hana mgogoro wa aina hiyo. Nani atamwambia kiwanja hiki kilikuwa cha babu yangu? Babu yako alikuwa anavua hapo, bwana, palikuwa maji.

Kwa hiyo mtu angetegemea kwamba kama kuna mwenye mali duniani ambaye umiliki wake hauna doa, ni huyu. Hakumnyang'anya mtu, hakurithi kwa ujanja, hakupewa na mkoloni. Ardhi haikuwepo, akaifanya iwepo.

Fungua sheria za Indonesia uone anavyotazamwa. Katiba yao ya 1945, kifungu cha 33, inasema ardhi na maji na utajiri uliomo viko chini ya dola, vitumike kwa neema kubwa kabisa ya wananchi. Maneno matamu, nani atayapinga. Kisha ikaja Sheria ya Msingi ya Ardhi ya 1960, na ndani yake kifungu cha 27 kinachosema haki ya umiliki inakwisha ardhi yenyewe ikiangamia. Halafu kanuni ya serikali namba 16 ya 2004 ikaongeza: ardhi iliyojitokeza yenyewe ufukweni, au iliyotokana na kujaza maji, iko chini ya dola moja kwa moja.

Ziweke hizo mbili pamoja. Bahari ikimeza shamba lako, shamba limekufa na hati yako imekufa nalo. Wewe ukiimeza bahari kwa mikono yako, ulichopata kinaanza kuwa cha serikali, nawe unapanga foleni kuomba. Maji yakija umepoteza, maji yakirudi hukupata. Nimeisoma mara mbili nikidhani nimekosea tafsiri, na nikaishia kutaka kujua ni siku gani hasa katika mwaka mtu wa pwani anakuwa na chake.

Na siyo nadharia. Pwani ya kaskazini ya kisiwa cha Java, wilaya ya Demak, upande wa Sayung, kuna vijiji ambavyo watu walikuwa wanalima mpunga na sasa wanapita kwenye madaraja ya mbao kutoka nyumba hadi nyumba, sakafu zimeinuliwa mpaka kichwa kinagusa dari. Ardhi inadidimia, mawimbi yamekula ukanda, mikoko ilishakatwa zamani kupisha mabwawa ya samaki na kamba. Hao ndio wa kifungu cha 27.

Labda utasema, sheria ni sheria, inawabana wote. Nilikuwa tayari kukubali, mpaka nilipofuata habari za Tangerang.

Januari 2025, pwani ya Tangerang, magharibi ya Jakarta, ilibainika kuna uzio wa mianzi ndani ya bahari wenye urefu wa kilomita 30.16. Rudia kusoma: kilomita, na ni baharini. Wavuvi walikuwa wameshalalamika, maana ilibidi wauzunguke ndipo wafike kwenye maji yao, mafuta yanaungua, siku inakwisha. Kelele zilipozidi, waziri wa ardhi, Nusron Wahid, akajitokeza na kuthibitisha kwamba eneo hilo lina hati. Hati 263 za haki ya kujenga, na kati ya hizo 234 ni za kampuni moja! Juu yake hati nyingine 17 za umiliki kamili. Juu ya maji. Samaki wanapita chini ya viwanja vilivyopimwa. Jeshi la majini na wavuvi wakang'oa mianzi, waziri akaanza kufuta hati, mkuu wa kijiji kimoja akakamatwa kwa madai ya kughushi nyaraka, na nchi nzima ikajifanya imeshangaa.

Mimi nilichoshangaa ni kitu kimoja tu. Kumbe inawezekana! Kumbe ofisi ya ardhi inaweza kutoka na vipimo vyake, ikaangalia bahari, ikaona viwanja. Miaka yote Wabajo wanaambiwa makazi ya juu ya maji ni suala gumu kisheria, linahitaji uangalifu, linahitaji kanuni. Uangalifu ulikwenda wapi siku ya zile hati 263?

Na Jakarta kwenyewe? Mpango wa visiwa 17 vya kujazwa kwenye ghuba, kwa ajili ya majumba na maduka. Gavana Anies Baswedan alifuta vibali 13 mwaka 2018, lakini vinne vilikuwa vimeshainuka majini, na visiwa vikishainuka nani atavizamisha? Kujaza bahari kwa meli ya mchanga kunaitwa maendeleo. Kujaza bahari kwa mtumbwi na mawe kunaitwa makazi holela.

Haya, nitoe na mimi kodi yangu ya ukweli kabla hamjanirukia. Matumbawe. Ndiyo, najua, kuyachukua kunaumiza bahari, hata ukiniambia yalikuwa yameshakufa, maana lile tumbawe lililokufa ndilo linalobeba changa na kuvunja wimbi. Na ndiyo, wapo Wabajo waliovua kwa baruti na kwa sumu, sitawapaka mafuta. Sisi wa huku tusijitoe lakini. Nyumba zetu za kale tunazozipiga picha zimejengwa kwa matumbawe, na chokaa yake ni matumbawe yaliyochomwa, na Mafia yamechimbwa na kuchomwa mpaka juzi hapa. Ila uniambie, bahari ilipopata joto na miamba ikapauka, 1998, 2010, 2016, 2024, ni mtumbwi wa nani uliosababisha? Bwana harusi wa Bungin analaumiwa kwa mawe yake, mwenye meli ya mchanga anapewa mkasi akate utepe.

Msongamano, moto, vyoo, taka: matatizo ya kweli, sina ubishi.

Nakubali pia, shingo upande, kwamba serikali haikulala moja kwa moja. Mwaka 2022 Wabajo wa visiwa vya Wakatobi, karibu na Sulawesi, walikabidhiwa hati za nyumba zao za juu ya maji, na waziri alikuwepo, na picha zikapigwa. Vizuri. Nawapongeza. Lakini tazama namna jambo hili linavyotangazwa: kama zawadi, kama huruma, mzee ananyoosha mikono miwili kupokea. Hati ya nyumba aliyozaliwa ndani yake. Ile kampuni yenye 234 sikuiona ikinyoosha mikono popote.

Na kama unasoma haya uko Bagamoyo au Kizimkazi unasema "hao ni Waindonesia," tulia. Bara tuna mita 60 zetu kutoka ufukweni, hakuna kujenga cha kudumu, na sote tunajua ni kibanda cha nani kinachopakwa rangi nyekundu ya X na ni hoteli ya nani ambayo ngazi zake zinaingia majini. Na Zanzibar visiwa vidogo vilipokodishwa kwa wawekezaji, tuliambiwa havina watu. Kisiwa hakina watu mpaka umuulize anayeanika dagaa pale.

Turudi kwa huyu wa "si wahame tu." Ndugu yangu, wazo lako limeshajaribiwa. Torosiaje, mkoa wa Gorontalo, Wabajo walijengewa nyumba nchi kavu. Serikali iliona inawatoa kwenye taabu: barabara, ardhi ya kulima, kila kitu. Wengine walikaa. Wengine walirudi baharini, kwenye nguzo zao, maana mvuvi ukimhamishia shambani hujampa ardhi, umemnyima kazi. Chombo kiko mbali na macho, injini inaibwa, maji yanapojaa usiku hayupo kuyasikia, na jembe hajawahi kulishika. Halafu afisa anaandika kwenye ripoti kwamba walengwa hawakutoa ushirikiano.

Wanaotaka kuwasaidia watu wa Bungin waanze na jambo dogo na lisilo na picha nzuri: kijana akimaliza kupanga mawe yake, kile kiwanja kiandikwe kwa jina lake, na la mkewe, bure, mwaka uleule. Wampime. Wanajua kupima, tumeshaona Tangerang wanapima mpaka pasipo na ardhi. Wakishamaliza hapo waje tuzungumze habari za matumbawe na wapi pengine pa kutoa mawe, na nitakuwa wa kwanza kuwasikiliza. Na aliyeleta ile video kwenye grupu la ukoo, naomba aifute, au basi aondoe vile vikatuni.